Kichwa Hakituzwi

Watu nikiwasimulia habari hii huniuliza kama niliona haya. Sikuona. Haya aone mwenye ukumbi, kama anazo. Mimi nilikasirika, na hata leo nikiikumbuka jioni ile wakati nakunja nguo dukani kwangu, najikuta nazikunja kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Mimi ni mfanyabiashara wa nguo. Natoka Iringa, nanunulia Guangzhou huko China, nauzia Iringa na Mbeya, na katikati hapo ni kontena na maombi. Nikiwa huko hulala kwenye hosteli moja nyuma ya barabara ya Zhanqian, karibu na stesheni ya treni, pamoja na wanawake wenzangu wa Tanzania. Nimekwenda na kurudi miaka mingi, walinzi wa maduka wananijua kwa sura, na bado hakuna siku inayopita bila mtu kuniambia "mei yo", yaani hakuna, kabla sijamaliza kuuliza. Ukizoea kuambiwa hakuna, unakuwa mpole au unakuwa mkorofi. Upole ulinipita kando.

Magauni nilikuwa nanunua kwenye duka ambako alikuwepo msichana wa Kikhmer, kutoka Kambodia. Kazi yake ilikuwa kuvaa. Ukilitaka gauni, yeye analivaa, anageuka ulione mgongoni, analivua, anavaa lingine, kutwa nzima. Wateja walimshika mabega wakamzungusha, wakamvuta kiunoni kupima mshono. Mimi nilimwomba ageuke mwenyewe, na nadhani ndipo tulipoanza kuzoeana. Kwa Waswahili alikuwa amejifunza maneno ya dukani: punguza, bei ya mwisho, mama, dada, hapana. Mengine tuliyasema kwa Kichina cha sokoni, changu kibovu, chake nafuu, na Kichina kilipogoma tuliachia simu itutafsirie.

Siku moja duka halina watu, aliniwekea mkono mbele ya uso, akavikunja vidole kwenda nyuma. Vilikwenda, vikaendelea kwenda, mpaka nikapiga kelele nikidhani vinavunjika. Akacheka. Ndipo akaniambia kuwa yeye ni mcheza ngoma. Tangu utotoni alifundishwa ngoma ya kale ya kwao, ile ya mavazi ya dhahabu na mwendo wa taratibu, na kila Jumamosi jioni alikuwa anaicheza na wenzake kwenye ukumbi wa hoteli moja upande wa barabara ya Guangyuan Xilu. Wasafiri waliokuwa wakipita mjini waliuziwa pale chakula cha jioni pamoja na ngoma. Amesimama mbele yangu na gauni la maua lenye kibandiko cha bei kinaning'inia kwapani, nami nikamuuliza, "Sasa humu ndani unafanya nini?"

"Navaa," alisema.

Safari ninayoisimulia hapa, nilimkuta mnyonge. Mwenye ukumbi alikuwa ameichoka ngoma. Wageni wanakula, wanatazama simu, wanaondoka, hata kupiga makofi wanasahau. Alikuwa amewaambia wachezaji kwamba Jumamosi ile ndiyo ya kuamua: akiona ukumbi umechangamka, ngoma inabaki, akiona hali ni ile ile, ataweka karaoke. Neno karaoke msichana alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa.

Mshahara haukuwa tatizo, dukani alikuwa nao. Aliniambia kwamba katika mji ule mzima hakuna mahali pengine pa kuicheza ngoma yake, na ngoma ile isipochezwa hutoka mwilini. Alivinyoosha vidole vyake polepole juu ya meza ya duka. "Vitarudi kuwa hivi," alisema. "Vitakuwa vidole vya kuvaa nguo tu." Kisha akanishika mkono. "Dada, niletee watu. Watu wanaotazama."

Sasa mtu akikwambia umtafutie Waswahili wa kutazama ngoma, hajakupa kazi, amekupa zawadi. Jioni ile ile hosteli nzima ilikuwa imejua. Kiongozi wetu alikuwa bibi mmoja wa Unguja, mnunuzi wa vitambaa, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, kwa umri na kwa umbo. Huyo tangu ujana wake hajawahi kukaa safu ya pili kwenye taarabu.

"Kuna nguruwe huko?" alinihoji.

"Kuna samaki, Bi Mkubwa. Nimeshauliza."

"Na nyinyi watu wa bara mtajua kukaa kwenye ngoma ya kistaarabu? Maana nyinyi ngoma ni kuruka mpaka vumbi liwaingie puani."

"Tutakutazama wewe, Bi Mkubwa, tufuate."

"Mnifuate," alisema, na akaenda kupiga pasi buibui.

Nilikata tiketi kwa simu, meza ya mbele kabisa. Jumamosi tulipofika, tumejipamba, Wakristo na Waislamu, vitenge, mabuibui, hina na manukato, mwenye ukumbi mwenyewe alikuwa mlangoni. Alitutazama kutoka juu hadi chini, akatabasamu, akatuongoza kupita meza zote tupu za mbele mpaka nyuma kabisa, kwenye meza iliyokaa baina ya nguzo na mlango wa jikoni.

"Hii siyo," nilimwambia.

"Mbele pamejaa."

"Mbele pana viti vitupu."

"Vina wenyewe."

"Wenyewe ndio sisi," nikamwonyesha simu.

Akasema kwa sauti ya chini kwamba wasafiri wamekuja kutulia, na sisi tunajulikana kwa kelele. Bi Mkubwa Kichina hakijui, lakini nguzo aliiona. "Hebu mwulize," alisema, "ndiyo itakayotuchezea?" Wenzangu wakacheka kwa nguvu, na mimi nikageuka nikaenda mbele nikavuta kiti nikakaa. Wakanifuata wote. Mwenye ukumbi alibaki na tabasamu lake kule nyuma, hana wa kumpa.

Chakula kilikuja kabla ya ngoma. Samaki wa tui la nazi, amepikwa ndani ya jani la mgomba, laini, ana mchaichai. Bi Mkubwa alionja, akafumba macho, akatangaza kwamba watu wanaompika samaki namna hii ni jamaa zetu, tena wa karibu, tumepotezana tu. Mezani kwetu kila kitu kililiwa na kila kitu kilijadiliwa. Nyuma yetu walikaa wasafiri waliovaa kofia za rangi moja, wakipiga picha sahani zao.

Taa zikapungua, spika ikaanza kutoa marimba, wachezaji wakaingia. Yule msichana alikuwa katikati. Ningekutana naye njiani nisingemjua. Kichwani alikuwa na taji refu la dhahabu lenye vipande vinavyotikisika, mwilini kitambaa cha hariri kilichobana mpaka kinang'aa, na uso wake, ambao dukani ulikuwa wa kuchoka, ulikuwa umetulia kabisa. Hakutabasamu kwa ajili ya mtu. Hatua moja aliipiga kwa muda ambao sisi tungeshamaliza kiitikio. Mkono ulipanda, vidole vikafunguka kwenda nyuma kimoja kimoja, na mwanamke wa Morogoro aliyekaa kando yangu akaniminya paja akasema, "Mama yangu!"

Tulitazama. Hilo ndilo tuliloombwa na tulilifanya kwa macho yote. Alipoinua mguu mmoja nyuma na kubaki amesimama kwa mguu mwingine bila kuyumba, Bi Mkubwa hakuweza tena. Alipiga kigelegele. Sote tukapokea. Wale wa kofia waliruka vitini, kisha wakaacha simu zao wakatazama jukwaani kujua ni kitu gani kimetushika hivyo. Nikamwona mwenye ukumbi ameegemea ukuta, anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikasema moyoni, ngoma imepona.

Wakati huohuo Bi Mkubwa akasimama.

Kila Mswahili anajua alichokuwa anakwenda kufanya. Ngoma ikikukuna, huwezi kukaa kama umekuja kusubiri daktari. Unainuka, unakwenda kwa madaha huku unafuata mdundo, noti ipo juu kidoleni watu waione, unamfikia mchezaji na unamtuza. Unambandika kwenye paji la uso, au unamchomekea kichwani, na kumtuza hadharani ni kumwambia kwamba mama yake alizaa. Bi Mkubwa alikwenda hivyo, na sisi nyuma yake, tunayumba. Jukwaa lilikuwa fupi, akapanda. Msichana alikuwa bado juu ya mguu mmoja. Bi Mkubwa akaichomeka noti kwenye taji, katikati ya yale maua ya dhahabu, akaishindilia kwa vidole isianguke. Taji likainama.

Mguu ulishuka chini. Wachezaji wenzake wakasimama. Marimba yaliendelea peke yake kwenye spika, na msichana akashika taji kwa mikono miwili, uso wake umekuwa wa mtoto aliyepigwa kofi na mtu anayempenda.

Ukumbi, lakini, ulilipuka. Wasafiri walipiga makofi, walicheka, walisimama. Mzee mmoja wa kofia tayari alikuwa anachambua noti kwenye pochi yake, naye apande. Mwenye ukumbi alinyakua kipaza sauti. Alisema kwa Kichina, akarudia kwa Kiingereza, kwamba kuanzia leo wageni wote wanakaribishwa jukwaani kubandika noti kwenye mataji na kupiga picha, na kwamba ngoma itakuwepo kila Jumamosi, haiondoki. Alikuwa anatoa jasho la furaha. Kila alichokitaka yule msichana alikuwa amepewa, mbele ya watu, kwa kipaza sauti.

Msichana aliitoa ile noti kwenye taji. Akampa Bi Mkubwa kwa mikono miwili, kwa adabu. "Hapana, mama," alisema kwa Kiswahili. Kisha akanigeukia, akazungumza Kichina haraka, nami nikamsihi aseme polepole. Alisema kichwa hakiguswi. Taji ni la mwalimu wake na la walimu wa mwalimu wake, na kabla ya kulivaa huwaomba ruhusa. Hata mama yake mzazi hamgusi kichwani akiwa amelivaa.

Nikamweleza Bi Mkubwa. Aliweka mkono mdomoni.

"Astaghfirullahi," alisema. "Nimemshika kichwa mtoto wa watu." Akamtazama msichana machoni, akajigonga kifua kwa kiganja. "Nisamehe mwanangu. Kwetu ndiyo heshima. Mwambie, ndiyo heshima kubwa tuliyo nayo."

Nilimwambia. Na nasema tena hapa kwa anayetaka kucheka: tulikosea, lakini hatukukosea kwa dharau. Mtu akikukosea kwa heshima anaacha ukimwambia acha. Wale wengine walimwona akiirudisha noti, na walikuwa bado wanapanga foleni.

Yule mzee wa kofia alikuwa ameshafika ukingoni mwa jukwaa, noti mkononi, mwenzake yuko tayari kumpiga picha. Bi Mkubwa akageuka. Ni mtu wa mwili, nimeshasema, na buibui lake lilikuwa la kitambaa kingi. Alinyoosha mikono yote miwili, mzee wa kofia akapoteza jukwaa lote machoni. Sisi tukajipanga kulia na kushoto kwake, bega kwa bega. Hakuna aliyetuamuru. Wanawake waliokesha kwenye foleni za ushuru bandarini wanajua kuziba njia.

"Pengyou!" mwenye ukumbi alinifokea. Maana yake ni rafiki, na huko sokoni ukiitwa hivyo jua umeudhi. "Kaeni chini! Si nyinyi mlioanza?"

"Tulianza na tumeacha," nilimjibu. "Amesema hapana."

"Hapa mwenye kusema ni mimi."

"Ukumbi ni wako. Kichwa ni chake."

Akaniacha. Akamsemesha msichana juu ya mabega yetu, polepole, neno kwa neno, nadhani alitaka na mimi nisikie. Wageni wapande, ngoma iendelee Jumamosi zote. Wasipopanda, leo ndiyo mwisho, na Jumamosi ijayo mashine ya karaoke itakaa pale pale aliposimama.

Nitasema kweli. Kwa muda mfupi mimi, mkorofi, nilitamani akubali. Nilivifikiria vile vidole vikirudi kunyooka juu ya meza ya duka, nikaona afadhali noti kichwani kuliko hayo. Nilimpenda kiasi hicho. Niligeuka kumtazama, nikiwa na maneno ya kumshauri mdomoni, na nashukuru Mungu Kichina changu kilichelewa.

Alikuwa amepiga magoti. Alikuwa amelivua taji na kuliweka mbele yake juu ya kitambaa, ameunganisha viganja, anasema na walimu wake kwa lugha ya kwao. Hakufanya haraka. Mwenye ukumbi anangoja, wasafiri wanangoja, supu zinapoa, yeye anaomba. Alipomaliza, mchezaji mwenzake aliyekuwa mkubwa kwa umri akamvalisha taji na kulifunga. Akainuka.

"Basi ni mwisho," alimwambia mwenye ukumbi. "Nitaicheza yote. Naanza mwanzo."

Mwenye ukumbi alikwenda kwenye spika akachomoa waya. Yale marimba yakakatika katikati. Nilidhani hapo ndipo imekwisha, lakini yule mchezaji mkubwa akafungua mdomo akaanza kuyaimba, marimba yale yale, kwa sauti nyembamba ya kawaida, na wengine wakamsaidia.

Tulirudi vitini mwetu. Sikilizeni niwaambie, sisi ni watu wasioweza kunyamaza hata kanisani, hata kwenye mawaidha. Jioni ile tulinyamaza. Mikono tuliiweka mapajani. Msichana alicheza toka hatua ya kwanza, bila kufupisha, na alipofika kwenye ule mguu mmoja alikaa juu yake muda mrefu kuliko mara ya kwanza, nina hakika alifanya makusudi. Bi Mkubwa alikuwa ameuma upindo wa buibui ili kigelegele kisimtoke, na machozi yanamshuka. Baadhi ya wasafiri waliondoka. Yule mzee wa kofia alibaki. Alikuwa amerudisha noti kwenye pochi na ameivua kofia, ameipakata.

Ngoma ilipoisha msichana aliunganisha viganja, akainama kwa upande wetu. Sisi pia tukainama. Hatukujua la kufanya lingine.

Nyuma ya jukwaa tulimkuta mwenzake ameshika mkasi. Nguo ile, kumbe, haina kifungo wala zipu. Kila Jumamosi wachezaji hushonewa mwilini, na baada ya ngoma nyuzi hukatwa, wakavaa nguo zao za kawaida wakatokea mlango wa jikoni kama wafanyakazi wengine. Mkasi ulipomkaribia msichana alitikisa kichwa. Taji alilifunga ndani ya kitambaa chake akalikumbatia kifuani, akavaa viatu vyake vya dukani, akapita katikati ya ukumbi na dhahabu yake yote mwilini, akatoka kwa mlango wa wageni. Mwenye ukumbi alimwambia kitu. Sisi tulikuwa tumemzunguka kama bibi harusi, asingeweza kumfikia.

Guangyuan Xilu ilikuwa bado ina watu. Maduka yalikuwa yanafunga, mikokoteni imejaa marobota, nailoni zinaburutwa barabarani. Tulitembea katikati ya hayo yote, naye haangalii chini. Mbeba mizigo mmoja aliyekuwa amepumzika juu ya robota lake alimwona, akasimama wima.

"Unakwenda kucheza wapi?" alimuuliza.

"Nimeshacheza," alisema msichana, na tukaendelea na safari.